Aliye na Taarifa Aitoe: Majibu kwa Wapinzani wa Miswada ya Emma Greenman

Tangu Emma Greenman alipoanza kuwasilisha miswada yake katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, Marekani, maneno hayajakoma. Mwanasheria huyu wa haki za wapiga kura alichaguliwa mwaka 2020 kuwakilisha sehemu ya jiji la Minneapolis. Miswada yake mitatu imeandamwa sana: HF 3 (HF ni alama ya mswada wa Baraza hilo) wa uchaguzi na HF 36 wa usalama wa wafanyakazi wa maghala, yote ya mwaka 2023, halafu HF 3438 wa mwaka 2024 unaokataza kumficha mteja sehemu ya bei. Yote imekuwa sheria, lakini haikuwa kazi rahisi. Mwaka 2023 chama cha DFL, ambacho ndicho Democratic ya jimbo hilo, kilikuwa na viti 34 katika Seneti dhidi ya 33 vya Republican. Uchaguzi wa 2024 ukaliacha Baraza la Wawakilishi sare, viti 67 kwa 67, na wanaotaka sheria hizi zifutwe au zikatwe makali wakapata nguvu mpya.

Madai yao yanatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Wakenya, Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki ni wengi Minnesota, na mwaka huohuo wa 2024 wapiga kura wa Brooklyn Park walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aingie katika Baraza hilohilo. Inapodaiwa kwamba wahamiaji wanachafua daftari la wapiga kura, wanaonyooshewa kidole ni ndugu zetu. Wanaobeba maboksi usiku katika maghala ya Shakopee ni ndugu zetu pia. Nitayapitia madai hayo moja baada ya jingine, na palipo na ukweli nitasema upo.

Dai linalorudiwa kuliko yote ni kwamba HF 3 unawaandikisha wasio raia. Mswada huo ulianzisha usajili wa moja kwa moja: mtu anapoomba leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, jina lake linapelekwa kwa wasimamizi wa uchaguzi bila yeye kujaza fomu nyingine. Ikatokea kwamba mwaka huohuo Gavana Tim Walz alitia saini sheria tofauti, HF 4, inayowaruhusu hata wakazi wasio na vibali vya uhamiaji kupata leseni. Wapinzani wakaziunganisha sheria hizo mbili: leseni ni ya kila mtu, leseni inaleta kura, basi kura ni ya kila mtu.

Hoja hiyo inakatika katikati. Jina linapelekwa kwa kutegemea hati ambayo mwombaji aliionyesha dirishani. Aliyetoa pasipoti ya Marekani, cheti cha kuzaliwa cha huko, au cheti cha uraia wa kujiandikisha, anapelekwa. Aliyetoa pasipoti ya Kenya au kadi yake ya ukaazi wa kudumu hapelekwi, hata kama leseni ameipata. Zamani fomu ya leseni ilikuwa na kisanduku cha kuweka alama kwa anayetaka kujiandikisha kupiga kura, na fomu haikujua kama anayekiweka alama amelielewa swali au la.

Hapo ningependa wapinzani wasimame kidogo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inamfunga hadi mwaka mmoja asiye raia anayepiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Kudai uraia usio wako ni hatari zaidi, kwa sababu kunaweza kukufungia njia ya uhamiaji maisha yako yote. Mama mwenye kadi ya kijani, Kiingereza chake bado cha kuungaunga, akikosea kisanduku kimoja mbele ya foleni ndefu, amehatarisha makaratasi yake na pengine ya wanawe. HF 3 ulimwondolea mzigo huo, ukampa karani ambaye tayari ameshika hati mkononi. Mtu mwenye nia ya kweli ya kuona daftari halina wasio raia angepaswa kuutetea utaratibu huu kuliko ule wa zamani.

Makosa yanatokea, na sioni faida ya kuyaficha. Oregon ndilo jimbo lililotangulia wengine wote kuanza usajili wa namna hii, mwaka 2016. Mwaka 2024 iligundulika kwamba watu zaidi ya 1,200 waliandikishwa huko bila kuwa na uthibitisho wa uraia, kwa sababu makarani walikuwa wakichagua aina isiyo sahihi ya hati kwenye kompyuta. Wengi wao hawakupiga kura kabisa. Gavana wa Oregon aliusimamisha mfumo hadi ukaguzi ufanyike. Minnesota nayo ilikuta kasoro katika rekodi zake vuli ya mwaka huo, ikaongeza ukaguzi wa macho ya watu kabla jina halijapelekwa. Hivi ndivyo ofisi ya umma inavyotakiwa kufanya. Kasoro iligundulika kwa kuwa rekodi zipo na kila jina lina hati nyuma yake inayoweza kufukuliwa na kuangaliwa upya. Kisanduku kilichowekwa alama kwa makosa hakina cha kufukua.

Tena dawa wanayoipendekeza wapinzani imekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Kansas ilipitisha sheria mwaka 2011, ikishinikizwa na Kris Kobach aliyekuwa waziri wa jimbo anayesimamia uchaguzi, kwamba kila anayejiandikisha upya alete mwenyewe uthibitisho wa uraia. Takwa hilo lilianza kutumika Januari 2013. Kesi ilipofika mahakamani ilibainika kwamba maombi zaidi ya 31,000 yalikuwa yamekwama, takriban asilimia 12 ya wote waliojaribu kujiandikisha kwa mara ya kwanza, na wengi mno kati yao walikuwa raia halali ambao cheti cha kuzaliwa hakikuwa karibu siku hiyo. Upande wa pili wa mizani, jimbo lilipotakiwa lionyeshe wasio raia walioingia kwenye daftari, ushahidi uliishia kwenye watu 39 katika miaka 19. Jaji Julie Robinson aliibatilisha sheria hiyo Juni 2018, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2020.

Maombi zaidi ya 31,000 kwa watu 39. Mbunge yeyote anayeleta mswada wa aina hiyo leo, katika jimbo lolote, anapaswa kwanza kueleza kwa nini kwake hesabu itakuwa tofauti. Kansas na Minnesota zilianza na hofu ileile. Kansas ilimwambia raia athibitishe. Minnesota iliiambia serikali itumie uthibitisho inaoushika tayari.

Dai la pili linahusu kura za posta. HF 3 uliweka orodha ya kudumu: anayejiandikisha humo anatumiwa karatasi ya kura kila uchaguzi, tangu katikati ya 2024, bila kuomba upya. Inasemwa kwamba karatasi zitarandaranda mitaani na mwenye mkono mrefu ataziokota. Lakini karatasi pekee haitoshi. Bahasha inayorudishwa ina saini ya mpiga kura, saini ya shahidi, na namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security, ambazo hulinganishwa na zile zilizokuwa kwenye maombi. Ikishapokelewa, jina huwekwa alama ili mtu huyo asipige tena kituoni. Barua ikirudi kwa kuwa mtu amehama, jina linatoka kwenye orodha ya kudumu.

Minnesota inao ushahidi mkubwa kuliko nadharia zote hizi. Mwaka 2008 Al Franken na Norm Coleman walipigania kiti cha Seneti ya Marekani. Kura karibu milioni 2.9 zilihesabiwa upya kwa mkono, na bahasha za kura za posta zilizokataliwa zikabishaniwa mahakamani kwa miezi na mawakili wa pande zote mbili, kila upande ukiwa na kila sababu ya kutafuta uchafu wa mwenzake. Tofauti ya mwisho ilikuwa kura 312. Mahakama ya Juu ya jimbo ilipotoa hukumu Juni 2009 ilieleza kwamba hakuna upande uliodai kulikuwa na udanganyifu. Mawakili wa Coleman walilalamika juu ya viwango vya kukubali na kukataa bahasha, jambo halali la kulalamikia, lakini wizi hawakuudai. Kama wizi wa kura za posta ungekuwa umejaa kama tunavyoambiwa, kile ndicho kilikuwa kipindi cha kuuanika.

Kuhusu udhamini, ambao mara nyingi unabebeshwa HF 3 ingawa ni wa zamani zaidi, nitasema kwa ufupi. Minnesota imeruhusu watu kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura tangu miaka ya 1970. Asiye na hati ya makazi anaweza kudhaminiwa na mpiga kura aliyeandikishwa katika eneo hilohilo la kupigia kura, na mdhamini mmoja hadhamini zaidi ya watu 8. Anachokiapia mdhamini ni kwamba mwenzake anaishi hapo. Uraia hauthibitishwi naye kabisa. Huo mpiga kura anauapia mwenyewe, na kiapo cha uongo ni jinai kwa wote wawili. Aliyedhaminiwa haruhusiwi naye kudhamini mwingine. Utaratibu huu umelengwa hasa kwa sababu unawasaidia wapangaji, wazee na familia zilizohamia karibuni, na sitajifanya kwamba sioni ni jamii zipi zinatajwa kila unaposhambuliwa.

Dai kwamba HF 3 unawaruhusu vijana wa miaka 16 kupiga kura halihitaji muda. Wanajiandikisha mapema, na jina linalala hadi watimize miaka 18.

Kuna kipengele cha HF 3 ambacho wapinzani wanakiita kufunga watu midomo. Kinapiga marufuku kuwatisha wapiga kura na wasimamizi, na kueneza kwa makusudi, ndani ya siku 60 kabla ya uchaguzi, habari unayojua ni ya uongo juu ya siku, mahali au utaratibu wa kupiga kura, au juu ya nani anaruhusiwa, kwa nia ya kumzuia mtu asipige. Mwenye kusema mgombea fulani ni fisadi hakamatwi nacho, wala mwenye kusema kodi ni kubwa, wala mwenye kusema sheria yenyewe ni mbovu. Anayekamatwa ni mtu anayemtumia mzee Msomali ujumbe kwamba uchaguzi umesogezwa hadi Jumatano. Najua mahakama za Marekani zinalinda maneno kwa wivu mkubwa, na ni sawa zikiendelea kukipima kipengele hiki kwa jicho kali. Ila mtu asiseme kinazuia mjadala wa siasa, kwa kuwa hakigusi siasa.

Mahali ambapo wapinzani walikuwa na hoja ya kweli ni hapa. HF 3 ulizikataza kampuni zenye umiliki wa kigeni kutumia fedha katika kampeni, na kiwango kilichowekwa kilikuwa kidogo mno: mwenyehisa mmoja wa kigeni mwenye asilimia 1, au wote kwa pamoja asilimia 5. Kwa kampuni ambayo hisa zake zinauzwa sokoni kila siku, hicho ni kiwango kinachoweza kuvukwa bila hata wakurugenzi kujua. Chama cha Wafanyabiashara cha jimbo kilikwenda mahakamani, na Desemba 2023 jaji wa shirikisho akakizuia kipengele hicho kisianze kutumika. Ninaamini nia ilikuwa nzuri na uandishi ulizidi kipimo. Wanaoitetea sheria hii watafanya vyema kulikubali hilo, kwa sababu sehemu nyingine zote zinasimama bila kipengele kile.

Tukija kwenye bei, HF 3438 ulianza kutumika Januari 1, 2025. Unasema bei inayotangazwa iwe na kila tozo ya lazima ndani yake. Hoteli haiwezi kutangaza dola 120 halafu ikaongeza ada ya vifaa mteja akishafika kwenye malipo. Kodi za serikali na gharama halisi za kusafirisha mzigo haziguswi. Mkahawa uliokuwa ukibandika asilimia fulani chini ya bili kwa ajili ya bima ya afya ya wafanyakazi lazima sasa uiingize ndani ya bei ya sahani.

Wapinzani wamedai kwamba serikali inapanga bei. Nimeisoma sheria hiyo nikitafuta bei iliyopangwa, na sijaiona. Mwenye mkahawa anaweza kuuza sahani kwa dola 18 au 80, shauri lake. Takwa moja tu ni kwamba nambari iliyo kwenye menyu iwe ndiyo atakayodai.

Wamedai pia kwamba wateja watakimbia wakiiona bei kamili. Dai hili ninalichukia zaidi, maana ndani yake mna ungamo. Kama mteja angekimbia bei kamili, basi aliyekuwa akikaa mezani alikaa kwa kuwa hakuijua. Na anayeumizwa na mchezo huo si mteja peke yake. Mwenye mkahawa mwaminifu, anayeandika dola 21 kwa sahani inayouzwa dola 21, anaonekana ghali mbele ya jirani anayeandika 20 na kuongeza asilimia 5 mwishoni. Sheria iliwaweka wote wawili mbele ya mteja wakiwa na nambari za kweli. Wafanyabiashara wadogo, ambao wapinzani wanasema wanawatetea, ndio walikuwa wakipoteza kwenye mashindano yale.

Lipo tatizo ambalo silipuuzi: wahudumu. Baadhi ya mikahawa ilikuwa ikitumia tozo ya huduma kuongeza mishahara, na mhudumu ana haki ya kuuliza hiyo nyongeza itakwenda wapi ikishamezwa na bei. Sheria inaruhusu bakshishi ya lazima iendelee kutozwa kwenye mikahawa mradi asilimia yake iandikwe wazi kwenye menyu. Zaidi ya hapo, fedha ikishaingia kwenye bei, kugawana kwake ni suala la mwajiri na wafanyakazi wake, na hapo ndipo wahudumu wanapohitaji nguvu ya kudai kwa pamoja. Lakini mshahara wa mhudumu haupaswi kutegemea mteja kutoona. California ilitunga sheria kama hii, ianze Julai 2024, kisha dakika za mwisho ikaiondolea mikahawa takwa lake. Minnesota haikurudi nyuma, na ninaipongeza. Kanuni ya shirikisho iliyofuata, iliyoanza Mei 2025, inagusa tiketi za maonyesho na malazi ya muda mfupi tu. Ingetegemewa peke yake, bili nyingi zingebaki zilivyokuwa.

Limebaki ghala. Shakopee, kusini-magharibi ya Minneapolis, ndipo Amazon ilipofungua ghala lake kubwa mwaka 2016, na sehemu kubwa ya waliolijaza walikuwa Wasomali na Waafrika Mashariki wengine. Desemba 2018 walitoka nje kwenye baridi kuandamana, na Julai 2019 wakagoma katika siku za mauzo makubwa ya kampuni. Malalamiko yao yalikuwa ya kasi: mtambo unahesabu vitu unavyoshika kwa saa, na dakika za choo au za sala zinakuja kukudai baadaye. Wengi hawakuwahi kuambiwa kwa maandishi kasi inayotakiwa ni ipi. HF 36 ulizaliwa kutokana na hayo.

Inadaiwa kwamba jimbo sasa linaendesha maghala na kuwapangia waajiri kasi. Someni masharti ya HF 36. Mwajiri mwenye wafanyakazi 250 au zaidi katika ghala moja, au 1,000 katika maghala ya jimbo zima, lazima ampe kila mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kiwango anachodaiwa kukifikia, katika lugha ambayo mfanyakazi mwenyewe amesema ndiyo yake. Kiwango chenyewe kinabaki mikononi mwa mwajiri, isipokuwa hakiwezi kuwa cha kumnyima mtu chakula, mapumziko, sala au choo, pamoja na muda wa kutembea kwenda na kurudi. Mfanyakazi anaweza kudai rekodi ya kasi yake mwenyewe ya siku 90 zilizopita. Na ghala ambalo majeruhi wake wanazidi wastani wa sekta kwa asilimia 30 linachunguzwa na jimbo.

Kwamba kampuni zingehama ni tishio lililotolewa pia California, iliyotangulia kwa sheria ya mwaka 2021, na New York iliyofuata mwaka 2022. Ghala la kusambaza mizigo hujengwa karibu na wanunuzi. Mteja wa Minneapolis anayetaka boksi lake kesho asubuhi hawezi kuhudumiwa kutoka mbali kwa sababu tu mwajiri hapendi kuandika kiwango kwenye karatasi.

Dai la mwisho linasemwa na watu makini zaidi, nalo ni kwamba sheria za usalama kazini za shirikisho zinatosha. Hazitoshi, na historia yake iko wazi. Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa kanuni za kuzuia majeraha ya kuinama, kubeba na kurudiarudia harakati ileile Novemba 2000. Bunge la shirikisho likazifuta Machi 2001, miezi minne tu baadaye, kwa saini ya Rais George W. Bush. Tangu hapo hakuna kanuni ya shirikisho iliyochukua nafasi yake, wala hakuna inayomlazimu mwajiri kumwonyesha mfanyakazi kasi anayopimwa nayo. Mgongo wa mtu anayebeba maboksi usiku kucha haukuwa na mlinzi upande huo. Leo mfanyakazi wa Shakopee akiitwa ofisini kuambiwa amechelewa, anaweza kuomba karatasi mbili: ile ya kiwango alichopewa, kwa Kisomali au Kiswahili kama ndiyo lugha aliyoitaja, na ile ya kasi yake ya miezi mitatu. Akinyimwa, sheria inampa haki ya kwenda kushtaki.